Mlango wa Wageni

Ndau, 15 Julai 2025

Kaka Fawaz,

Assalam alaykum warahmatullah. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Bibi anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua akiinuka, lakini mdomo hauna ugonjwa, nawe wamjua. Nisalimie wifi Ruqaiya, umwambie zile achari za embe nimezitenga, nangoja tu mtu wa kumpa.

Umesema hutaki tena simu yangu, nikiwa na neno niliandike kwenye karatasi na nimpe Barka wa boti akuletee. Haya, nimeandika. Najua umeudhika. Ulinitumia sauti ukasema watu wa Ndau wamezoea vya bure, nami nikamsikilizisha Barka peke yake, na kesho yake wanaisikiliza Kiunga. Kosa langu hilo. Lakini kaka, mimi niliisambaza tu. Aliyesema ni wewe.

Sasa sikiliza. Kombe hili la Visiwa ni letu sote, sivyo? Mbona kamati yenu inamtoza mtu wa Amu shilingi mia na mtu wa kisiwani mia nne, mechi ile ile, jua lile lile? Tena sisi mmetuweka upande unaochoma machoni. Mtu wa Amu anatoka kwake kwa miguu. Sisi kila mechi ya ugenini tunachangia petroli ya boti, tunatapika njiani, tukifika tunaambiwa mgeni ana bei yake.

Ndiyo maana Jumamosi hatukuingia. Ukuta wa uwanja wa Kichangani ni mfupi na maji yalikuwa yamejaa, tukazipanga boti zetu chini ya ukuta tukatazama mpira wote tumekaa. Bibi tulimwekea kiti cha plastiki ndani ya boti ya Barka, na debe lake mkononi. Alilipiga mpaka likabonyea. Wenzako wa kamati walikuja ukutani wakatutazama, wakarudi. Watafanya nini? Baharini hakuna tiketi.

Nakuomba uwaambie wapunguze. Wewe ndiye mtu wa Ndau pekee uliye ndani ya kamati. Tusipokuambia wewe tumwambie nani?

Mdogo wako,
Amal

*

Amu, 21 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Amal,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema kama ituachavyo sisi. Ruqaiya anakushukuru kwa achari. Mkwe wangu Bwana Ridhwani naye anawasalimu. Kama ujuavyo ndiye mwenyekiti wetu mwaka huu, na nyumba yake haikauki wageni.

Kuhusu bei. Naomba uelewe kwamba bei hupangwa na kamati, haipangwi na mimi. Kuna kumwagia uwanja maji, kuna chakula cha askari, kuna marefa. Wageni wakija kwa wingi usalama unahitaji gharama. Kila mahali duniani mgeni hutozwa zaidi, ukiuliza utaambiwa.

Kwa upande wangu, mmenitia aibu. Sikutegemea kuwaona mkipiga madebe ndani ya maboti kama watu waliofukuzwa. Bwana Ridhwani alinigeukia mbele ya wajumbe wote akaniuliza, "Yule bikizee mwenye debe ni nani?" Fikiria nilivyojisikia.

Mwambie Bibi apumzike. Mpira ni wa vijana. Nawe ungetafuta mambo ya maana ya kufanya, umri haukungoji.

Wako,
Fawaz

*

Ndau, 29 Julai 2025

Kaka Fawaz,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Bibi mzima, jirani mzima, kuku wawili wameliwa na kicheche. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipomjibu mkweo. Alikuuliza bikizee mwenye debe ni nani. Ulimwambia nini?

Bibi ndiye aliyetulea baada ya baba na mama kufa. Alikuwa akikubeba mgongoni kukupeleka chuoni kusoma Kurani, ukilia, nami nikimshika kanga nyuma. Kama ulimjibu "ni bibi yangu", basi nisamehe.

Jumamosi hii tulikuja tena na maji yalijaa tena. Safari hii watu wa Mbwajumali walituunga mkono, wakaja na boti zao. Tulitandika shuka nyeupe ubavuni mwa boti, tukaandika kwa mkaa TUMESHALIPA BAHARI. Hata watu wa Amu walitucheka vizuri, wengine wakaturushia machungwa kutoka ukutani. Kwa hivyo si mji mzima ulioudhika. Ni watu wachache wenye viti vya mbele. Tena tulishinda, Alhamdulillahi, na nusu fainali ni hapo hapo Kichangani tarehe tisa. Mwezi utakuwa umepevuka, maji ya bamvua, tutakuwa juu karibu kulingana na ukuta.

Sasa jambo langu. Ulisema umri hauningoji, umri umesikia. Taha amekuja kuposa. Taha fundi wa injini, mtoto wa marehemu Bi Zena wa nyumba ya pili kutoka msikitini. Bibi amemkubali, nami nimemkubali kabla ya Bibi lakini nimenyamaza kama inavyotakiwa. Baba hayupo, babu hayupo, ami hatuna. Mwenye kuniozesha ni wewe peke yako. Nataka uje mwenyewe, ukae mkekani, ushike mkono wake, utamke jina langu na jina la baba yetu. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwako duniani. Mambo ya tiketi tutaendelea kugombana baadaye, tuna maisha yote.

Mdogo wako anayekupenda na kukukasirikia,
Amal

*

Amu, 6 Agosti 2025

Mpendwa Amal,

Baada ya salamu, hongera sana. Habari ya posa imenifurahisha. Taha namjua, ana mikono ya grisi lakini ana adabu. Mwambie nimekubali. Nitakuja kukuozesha mwenyewe, inshallah, mkishapanga siku baada ya Maulidi. Ruqaiya ameanza kuuliza rangi ya nguo.

Mtakuwa mmesikia kuwa nusu fainali imeahirishwa. Haitakuwa tarehe tisa tena, itakuwa Jumamosi inayofuata, tarehe kumi na sita, saa ile ile ya kumi alasiri. Mgeni rasmi ana safari.

Siku hiyo nakushauri msije. Kikao kilikuwa kikali na kuna watu hawataki kuona shuka lile tena. Na kama lazima mje, basi Bibi mwacheni nyumbani. Jua ni kali na yeye si mtu wa kukaa juani. Nakuomba katika hili unisikilize hata kama mengine hunisikilizi.

Wako,
Fawaz

*

Ndau, 24 Agosti 2025

Kaka Fawaz,

Assalam alaykum. Bibi yu hai. Naanza na hilo kwa sababu hukuja kuliuliza.

Nitakuandikia yote kama yalivyokuwa, maana nasikia mjini yanasimuliwa vingine.

Tuliposikia mechi imesogezwa wiki moja, Ndau nzima ilicheka. Tarehe tisa saa kumi maji yamejaa. Tarehe kumi na sita saa kumi maji yametoka. Ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, lakini pale chini ya ukuta wa Kichangani hutoka ya kutosha kuikalisha boti. Tukasema, mgeni rasmi huyu ana safari nzuri sana. Basi tukatoka alfajiri, tukafika asubuhi maji yakiwa bado yapo, tukafunga boti zetu ukutani, tukayaacha maji yatoke. Tukakaa juu ya matope kama tuliokaa barazani. Tulijiona werevu! Tulihesabu kila kitu isipokuwa kimoja: boti iliyokaa chini haiwezi kuondoka.

Baada ya adhuhuri wakaja vijana wa kamati na askari, kwa miguu, wamekunja suruali. Wakasema sasa mko nchi kavu, na nchi kavu hii ni ya uwanja, toeni tiketi. Tukakataa. Wakachukua ngoma, wakachukua shuka, wakamnyang'anya Bibi debe lake. Wakatuambia tukae hapo hapo mpaka maji yarudi, hakuna kupanda ukuta. Mitungi yetu ya maji ya kunywa ilikuwa imekwisha. Barka alitaka kupanda kwenda kununua, akasukumwa akaanguka.

Mpira ulipoanza Bibi alikuwa ameacha kusema. Nikadhani amekasirika. Nikamshika mkono, ulikuwa moto na mzito, na maneno yake yakatoka nusu nusu. Nikapiga kelele. Taha akaruka kutoka boti ya pili, akambeba mgongoni, akamkimbiza kwenye mlango wa wageni. Mlango ule unaingia uwanjani, ukivuka tu ni barabara, na mwisho wa barabara ni hospitali. Mimi nilizuiwa na askari kwenye boti nikaachwa nyuma. Taha anasema waliambiwa bila tiketi hapiti mtu. Akatoa pesa, akasema niuzieni hata kwa elfu. Akaambiwa mauzo yamefungwa mechi ikishaanza. Aliyesimama pale ni askari mrefu wa bara, Jabez jina lake. Ndau nzima sasa inamjua na kumlaani.

Basi Taha akamzungusha kwa nyuma, katika matope na mikoko, matope mpaka mapajani, mpaka wakatokea upande wa pili wa mji. Daktari alisema mngekuja mapema kidogo. Mkono wake wa kulia haushiki tena kikombe. Mdomo umepinda kidogo.

Lakini unajua analolilia? Halilii mkono. Analia kwamba mwanamume asiye maharimu wake amembeba mgongoni, buibui limeroa matope, limemganda mwilini, mbele ya macho ya Amu. Mwanamke aliyefika umri huu hajaonwa hata kifundo cha mguu. Kila siku ananihimiza nipange harusi upesi. Sikuelewa kwa nini, nikadhani anaogopa kufa. Kumbe anataka Taha awe mkwe wake, ili ile siku isiwe haramu tena moyoni mwake.

Goli la mechi sikuliona. Nasikia tulifungwa.

Nina maswali mawili. Ulikuwa wapi siku ile? Nilitazama viti vya mbele sikukuona. Na ulijuaje kwamba Bibi asije?

Amal

*

Amu, 20 Septemba 2025

Mpendwa Amal,

Baada ya salamu na dua kwa Bibi, naomba radhi kwa kuchelewa. Barka amekataa kubeba barua yangu. Amesema boti yake haipakii kamati. Nimempa kijana wa boti ya serikali iendayo Kiunga aishushe kwenu njiani.

Sisi hatujambo. Maulidi yalikuwa makubwa mwaka huu, wageni walijaa mpaka mabarazani. Tumebadilisha mabati ya upande wa jikoni. Mimi nimechaguliwa katibu wa kamati kwa msimu ujao, Bwana Ridhwani mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Ruqaiya alisumbuliwa na jino, limeng'olewa.

Habari ya Bibi imetuhuzunisha sote. Kilichotokea kilitokea kwa kadari ya Mungu, na hakuna aliyekusudia. Yule askari amehamishwa, kwa hiyo haki imetendeka na ni vizuri watu sasa watulie. Kamati pia inafikiria kuitazama upya bei ya wageni kwa mwaka ujao. Mimi mwenyewe nimelisema hilo kikaoni.

Kuhusu harusi, naona Ijumaa ya tarehe kumi na saba Oktoba ni nzuri. Mchele na mbuzi wa biriani ni juu yangu, msihangaike. Nitakuja na Ruqaiya mapema.

Wako akupendaye,
Fawaz

*

Ndau, 28 Septemba 2025

Fawaz,

Salamu ni haki ya Muislamu, kwa hivyo assalam alaykum.

Boti iliyoleta barua yako ilileta na mtu. Alikuwa anapelekwa kituo chake kipya Kiunga, akamwomba nahodha amngoje kidogo. Akaja mpaka mlangoni kwetu, kofia mkononi. Watoto walikuwa wameanza kumwokotea mawe. Nilimtambua kwa urefu. Jabez.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akaningoja nimalize. Kisha akasema: "Mama, mimi nimekuja kumwona huyo shosho tu. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Lakini ufunguo sikuwa nao. Ufunguo ulikuwa na yule ndugu yenu. Nilimwambia, boss, fungua, huyu ni mgonjwa kabisa. Akasema akipita mmoja watapita wote."

Nikamwambia ni mwongo. Nikasema hivyo, Fawaz. Nilimtetea nani, hata sijui.

Ndipo Bibi akasema kutoka ndani, kwa ule mdomo wake uliopinda, "Mwache. Asema kweli."

Alikuona. Aliweka uso wake kwenye nondo za mlango akakuita kwa jina. Hili sikuambiwa na Jabez, nimeambiwa na Taha, baada ya kumbana mpaka akalia. Anasema Bibi alikuambia, "Fawaz mwanangu, ni mimi. Nipa ndia." Njia tu alikuomba, nawe ulikuwa karibu kiasi cha kumshika mkono. Ukageuza uso, ukatazama mpira.

Wote wawili walinificha. Bibi alimwapisha Taha pale pale kitandani hospitalini asiniambie. Akaacha Ndau nzima imlaani mtu wa watu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema yule wa bara ataondoka zake, lakini wewe ndiwe mwenye kumuozesha Amal. Hakutaka nikaozwe na mtu ninayemchukia. Huyo ndiye bikizee mwenye debe.

Na sasa nimelielewa la Jumamosi. Katika kamati yenu kuna mwenye hoteli, kuna Mwalimu Patroba wa bara, kuna mkweo ambaye hajawahi kusukuma hata mtumbwi. Nani kati yao ajuaye kwamba ukisogeza siku saba, saa ile ile, maji yaliyojaa huwa yametoka? Hilo linajulikana na mtoto wa Ndau. Ulifundishwa na Bibi, mkichimba chambo. Basi ukawapa.

Sikiliza nitakalo. Sitaki useme mbele ya watu. Sitaki kamati, sitaki radhi msikitini, mchele wako na mbuzi wako sivitaki kama utaviweka mahali pa neno. Nataka uje Alhamisi, siku moja kabla. Uingie chumbani kwa Bibi, mlango tuufunge, mimi nitakuwa uani. Umwambie yeye tu, "Nilikuona." Neno moja. Halafu Ijumaa utaniozesha, na mimi nitakubusu mkono, na jambo hili hatutalitaja tena mpaka tufe. Naapa.

Nakuomba uje. Nakuomba, kaka.

Amal

*

Amu, 9 Oktoba 2025

Amal,

Wa alaykum salaam.

Barua yako nimeipata. Sitaijibu yote. Kuna mambo hayaandikwi, na mtu anayejua heshima ya familia hayaulizi.

Wewe unakaa Ndau, kwenu, kila mtu anakuita kwa jina la babako. Hujui ni nini kukaa mji wa watu, katika nyumba ya mkweo, kwa kazi uliyotafutiwa na mkweo, na kila ukifungua mdomo watu wanacheka unavyotamka. Miaka mingapi nimeitwa "yule wa visiwani"? Mwaka huu ndio wa kwanza kukaa nao meza moja. Wewe unadhani ni tiketi tu. Mlango ukifunguliwa kwa mtu wako, watu wanatazama nani kaufungua.

Kazi ni nyingi, sitaweza kuja Alhamisi wala Ijumaa. Kwa kuwa sitaki ndoa yako ikwame, nimempa wakala Ustadh Yassir wa msikiti wenu akuozeshe kwa niaba yangu. Karatasi nimeitia sahihi mbele ya mashahidi wawili na imo ndani ya bahasha hii. Ni sahihi kisheria, nimeuliza.

Mchele nitatuma hata hivyo.

Mungu aijaalie ndoa yenu kheri.

Fawaz

*

Ndau, 20 Oktoba 2025

Fawaz,

Assalam alaykum. Nimeolewa.

Barua yako na karatasi yako zilifika Jumatano. Mchele ulifika pia kwa boti ya serikali, Barka amekataa kuubeba, upo gatini mpaka sasa kama haukuchukuliwa. Hapakuwa na haja nao. Kila nyumba ilileta chungu chake. Wachezaji walipika, wakaunguza, tukala.

Najua utapenda kujua watu waliuliza nini juu yako. Hawakuuliza. Niliogopa sana swali hilo, nikalala nimeandaa uongo, nikasema nitawaambia una homa. Ijumaa ikapita mpaka alasiri bila mtu hata mmoja kukutaja. Hilo liliniuma kuliko wangekutukana, maana wewe ni ndugu yangu, na bado nilikuwa natazama gatini kila boti ikilia.

Alhamisi Bibi alitaka aogeshwe na avishwe kanga mpya, akae kitandani ameegemea mto, uso mlangoni. Sikuwa nimemwambia kwamba nilikuandikia, wala kwamba umekataa kuja. Alikuwa amekisia mwenyewe kwamba utakuja kusema naye. Alikaa hivyo mpaka isha. Kisha akaniambia nimlaze.

Ustadh Yassir alifungisha ndoa vizuri. Akasema kwa wakala wa Fawaz, akataja jina langu na la baba, Taha akajibu kwa sauti mpaka watoto wakacheka. Nilikuwa chumbani na Bibi, tukisikia kupitia pazia. Nililia, si kwa furaha wala si kwa huzuni peke yake. Nililia kwamba sauti ile si yako.

Baada ya dua Bibi aliomba Taha aletwe ndani, na Ustadh, na wazee wawili mashahidi. Akampa Taha mkono wa kushoto, ule unaoshika. Mara ya kwanza kumshika kwa hiari yake. Akamwambia, "Sasa u mwanangu. Yeo nimekuhalalia, nawe umenihalalia." Taha alipiga magoti akauweka ule mkono kichwani mwake.

Kisha akamgeukia Ustadh akasema anatoa wasia. Siku yake ikifika, wa kuvua viatu na kushuka kaburini kumpokea ni Taha. Ustadh akajibu kwa upole kwamba Taha sasa ni maharimu wake, inafaa kabisa. Lakini akamkumbusha, "Na Fawaz je, Bi Bwanamkuu? Yeye ndiye mjukuu wako wa damu." Bibi alisema, polepole, ili kila neno litoke zima:

"Fawaz asimame na watu."

Mzee mmoja akajifuta macho. Ustadh alimuuliza tena kama ni hasira tu, kama atalitengua kesho. Akasema hana hasira. Nami niliyemjua maisha yangu yote naamini kwamba hana. Hakusema neno baya juu yako, wala hajakuapiza. Aliomba maji, akanywa, akauliza nani ameunguza wali.

Sasa fikiri, kaka, maana mimi nimefikiri usiku mzima wa harusi yangu badala ya kufurahi. Hapakuwa na mwanamume mwingine wa kumpokea. Ulikuwa wewe tu. Taha asingeweza kuwa wa kwake ila kwa ndoa hii, na ndoa hii isingepita ila kwa idhini yako. Uliogopa kuja kusema neno moja chumbani, ukatuma karatasi, na kwa karatasi hiyo nafasi yako kaburini mwa Bibi ukampa Taha. Ulitia sahihi mwenyewe, mbele ya mashahidi, na uliuliza kama ni sahihi kisheria.

Ningependa kukuambia bado kuna wakati. Bibi yu hai, anakunywa uji, anauliza msimu ujao utaanza lini. Lakini nimemuuliza jana peke yetu, nikasema akija je? Akanijibu akija apewe chakula, kwani ni mtu wa kwetu. Wasia ubaki.

Siku hiyo ikifika nitakupigia simu, nawe utakuja, maana najua utakuja. Nimekuandikia mapema ili usije ukavua viatu.

Amal